Kofia ya Mlima Hainyeshi Elerai

Vijana wangu mnaolima kwa trekta huko Elerai na kuelekea Kisongo, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini najua pia mna haraka, basi nimewapunguzia kazi.

Mimi nilikuwa mtu wa plau. Nilishika mishikio ya plau ya maksai tangu enzi za Mjerumani, kabla ya ile vita yao wazungu iliyotufikia hadi huku. Nikaendelea alipokuja Mwingereza, nikaacha siku magoti yalipoanza kuniamuru mimi badala ya mimi kuyaamuru. Sikuwahi kuwa na cheo. Unyapara niliukataa, kwa sababu nyapara hufokewa na Bwana asubuhi na kusengenywa na wenzake jioni, na mimi kelele nilizozizoea ni za ng'ombe tu.

Naandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu, Naserian. Kila masika anakuja mbio kutoka kwenye redio: "Babu, wamesema mvua imeanza mkoa wa Arusha! Tupande?" Mkoa! Hebu niambieni, mkoa ni shamba la nani? Redio siigombi, hata mimi naisikiliza. Lakini nimeona mvua ikinyesha upande mmoja wa ng'ombe na upande wa pili ukabaki na vumbi. Sawa, hapo nimetia chumvi kidogo. Lakini kidogo tu.

Bwana wangu wa kwanza tulimwita Bwana Sasahivi, kwa kuwa katika Kiswahili chake chote hilo ndilo neno alilolijua barabara. Funga ng'ombe, sasa hivi. Lete maji, sasa hivi. Shamba lake lilikuwa chini kabisa, penye migunga ya Elerai. Alikuwa na rafiki yake, mlowezi mwenzake, aliyelima juu ya Kijenge karibu na msitu. Jumapili moja wakakutana mjini, nasi tuko nao tumewashikia nyumbu. Yule wa juu akaeleza kwamba kwake mvua imenyesha hadi mfereji umefurika. Bwana Sasahivi akadhani anachezewa, maana kwake hata kuku walikuwa wanaoga vumbi. Wakabishana kwa lugha yao, nyuso nyekundu, mpaka yule wa juu akainua mguu na kumwonyesha tope kwenye kiatu. Bwana Sasahivi akaliangalia lile tope kwa wivu wa kweli.

Sisi wa mlimani tulicheka sana siku ile. Tungejua, tusingecheka, kwa maana kosa lile lile lilikuwa linatungoja sisi.

Mlima wetu una upendeleo, na hili lishikeni vizuri. Pepo za masika zinapoleta mawingu, mlima huyakamata upande wa kusini na mashariki na kuyakamua kama kiwele cha ng'ombe. Ndiyo maana huko juu migomba ni mikubwa, kahawa inakubali, na mtoto akidondosha mbegu ya boga njiani anakuta boga. Kinachovuka kwenda machweo ni kivuli. Huku chini mvua ina njia yake, ina siku zake, na mlima hauulizwi.

Sasa niwaambie nilivyoingia kazini. Tulikuwa watu wa mteremko wa juu ya Kijenge, Waarusha, wenye migomba yetu, mahindi, maharage, na ng'ombe wachache waliopona magonjwa. Baba alifariki nikiwa bado sijafikia rika la wapiganaji. Wazungu walikuwa wamechukua ardhi ya katikati, kati ya migomba yetu na mbuga, na boma, yaani serikali yao, likawa linataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba yao. Sisemi enzi zile zilikuwa nzuri. Kiboko kilikuwepo na kilisikika, na kuna wenzangu walirudi nyumbani migongo imechanika kwa kosa la kuchelewa. Mimi nilipata bahati ya mwalimu.

Jina lake Mzee Hamisi. Alikuwa Mnyamwezi aliyekuja huku na misafara ya mizigo, akaachia mizigo njiani, akajifunza plau kwa Makaburu waliofika hapa na magari yao ya ng'ombe. Kiswahili changu chote nilikipata kwake, pamoja na matusi ya ng'ombe, ambayo ni elimu ya pekee. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na alisali hata mvua ikinyesha.

Siku ya kwanza alinionyesha plau nikacheka. Alinionyesha nira nikanyamaza. Kwetu ng'ombe ni maziwa, ni mahari, ni heshima ya mtu. Kumfunga mti shingoni akavute chuma ni kumdhalilisha. Baba mdogo Lobulu, mdogo wake baba aliyekuwa msimamizi wetu baada ya msiba, alipopata habari alikuja mpaka ukingoni mwa shamba la Bwana kushuhudia. Akasimama amejiegemeza kwenye fimbo yake, akaniangalia nikihangaika nyuma ya maksai.

"Mesiaki," akaniita, "huyo ni ng'ombe au punda?"

"Ni ng'ombe, baba."

"Basi mwombe radhi."

Akaondoka zake. Rika langu lote likapata habari, na kwa muda mrefu nikipita njiani walikuwa wananililia kama punda.

Maksai wetu wakubwa walikuwa wawili. Mmoja Bwana Sasahivi mwenyewe alimpa jina la Kaisari, kwa heshima ya mfalme wao, kisha akatupiga marufuku kumtukana. Hapo pakawa na taabu, maana Kaisari ndiye aliyekuwa mvivu kuliko wote. Mzee Hamisi akatafuta dawa. Mwenzake Kaisari katika nira aliitwa Sululu, ng'ombe mpole, mchapakazi asiye na hatia. Kaisari akisimama, Mzee Hamisi alimfokea Sululu: "Sululu, mvivu mkubwa, tumbo kama pipa, kwenu hawakukufunza adabu!" Kaisari akasikia, akavuta. Nadhani Sululu alikufa akiwa bado anajiuliza amewakosea nini watu.

Kazi yenyewe nilifundishwa kwa mikono. Plau ukiikandamiza sana, inazama na kuchosha ng'ombe. Ukiilegeza, inaparuza juu kama kuku. Unaishika kama unavyoshika mkono wa mtoto anayejifunza kutembea. Maksai wakitoka kiangazi wana mbavu nje na shingo laini, usiwape kazi ya siku nzima, wape ya asubuhi mpaka shingo izoee. Na udongo mweusi wa mbuga, ule mnaouita siku hizi udongo mbaya, hauna ubaya wowote. Una kiburi tu. Ukiwa mkavu ni jiwe, ukilowa sana ni gundi, na kati ya jiwe na gundi kuna siku chache ambazo unakubali kulimwa. Mkulima ni yule anayezijua siku hizo.

"Plau ina macho chini," Mzee Hamisi alipenda kuniambia. "Watu wote wanatazama juu kutafuta mvua. Wewe tazama nyuma yako, kwenye mfuo inaouchora."

Nilidhani ni maneno ya mzee. Mpaka ulipofika mwaka ule.

Mwaka uliotangulia ulikuwa umetupiga mara mbili. Masika mvua ya mawe ilishuka mlimani mahindi yakiwa yanachanua, ikayakata kama mtu aliyetumwa. Vuli haikuja kabisa. Migomba ilisimama lakini mikungu ilikuwa myembamba, na ng'ombe walikauka maziwa. Nyumbani kwetu na kwa baba mdogo tulikuwa na wadogo wengi wenye njaa, na chakula cha maana kilichobaki kilikuwa mbegu.

Mbegu yetu ilitundikwa kwenye uchaga juu ya mafiga ya mama yangu. Tulimwita Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu. Mahindi yalifungwa kwa maganda yake, mawili mawili, yakaninginia kwenye moshi yakawa meusi, na fukusi hasogei hapo. Kwa kuwa nyumba yake ndiyo haikuvuja, mbegu ya baba mdogo ilikuwa hapo pia. Na kwetu kilichoko juu ya moto wa mwanamke ni haki yake kukitungua. Mwanamume anaweza kuwa na ng'ombe na fimbo na maneno mengi barazani, lakini akionekana ananyoosha mkono juu ya mafiga ya mwanamke kuchukua mbegu, atachekwa hadi wajukuu wake wabadilishe jina.

Baba mdogo aliamua tukafungue shamba jipya huku chini, pembeni ya Elerai, mahali tulipokuwa tukichunga tu. Juu palikuwa pametubana, na huku ardhi ilikuwa bado wazi. Lakini ni udongo mweusi, na jembe la mkono lingetumaliza. Basi yule yule aliyeniambia nimwombe radhi ng'ombe akaja tena ukingoni mwa shamba la Bwana. Safari hii alikohoa kwanza.

"Mesiaki. Hao... hao ng'ombe wako. Hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Wanaweza kuja kututembelea?"

Mzee Hamisi ndiye aliyetuombea kwa Bwana. Alijua la kumwambia. Alimwambia maksai wametoka kiangazi, shingo zimelegea, wanahitaji mazoezi kabla ya kazi yenyewe, na heri wazoezwe kwenye ardhi ya watu wengine. Bwana Sasahivi akakubali, kwa sharti kwamba siku atakayowataka warudi sasa hivi. Neno hilo tulilitegemea.

Ikanyesha. Manyunyu ya kutosha kulowesha nguo na kuwatelezesha watu njiani. Asubuhi mlima ulikuwa umevaa kofia yake ya mawingu hadi masikioni, na asubuhi iliyofuata vile vile, na upepo unatoka mashariki. Huko kwetu juu hiyo ndiyo ishara, tumezaliwa nayo. Mlima ukivaa kofia hivyo, watu hawaulizani, wanapanda. Baba mdogo akashuka na wake na watoto na vibuyu vya maji, mwenye furaha, akiimba. Nikafunga nira, tukaanza.

Mfuo wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko nilivyotazamia. Mpaka nikageuka nyuma, kama nilivyofundishwa. Juu udongo ulikuwa mweusi, umelowa, unang'aa. Chini yake, pale ncha ya plau ilipopita, lilikuwa vumbi. Ngozi ya maji tu, kina cha kidole, halafu kiangazi kitupu. Mzee Hamisi aliyekuwa anaongoza ng'ombe mbele akasimama, akainama, akatia mkono, ukatoka mkavu.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona. Mwambie wewe, Mzee. Atakusikia."

"Mimi ni mgeni, mwanangu. Siwezi kumwambia mwenye mlima habari za mlima wake. Hili ni la nyumbani kwenu."

Nikamfuata baba mdogo, nikamwonyesha. Hakunifokea, wala hakuwa mjinga, msimwelewe vibaya. Alichukua lile vumbi akalipuliza mkononi, akatazama mlima.

"Baba yangu alipanda kofia ikiwa hivyo," akasema. "Na baba yake. Hawajafa njaa."

"Walipanda kule juu, baba."

"Mlima ni ule ule, Mesiaki. Na ng'ombe wa mzungu hawatatungoja. Nikisubiri udongo ulowe, yeye naye anawaita. Hapo nitalima na nini? Na meno?"

Hapo alikuwa amesema kweli. Kijana hambishii baba yake mdogo mbele ya watoto wake. Nikalima. Lakini jioni, kabla jua halijazama, nilipanda mlimani nikamkuta Yeyo anapepeta ulezi mchache uliobaki, nikamweleza nilichokiona kwenye mfuo. Alinisikiliza bila kusimamisha ungo.

"Chini ni vumbi?"

"Vumbi tupu, Yeyo."

"Haya. Kanywe uji."

Kesho yake alishuka na mbegu kichwani, na kila mtu aliona ule mzigo ni mdogo. Mbegu ile ikaishia katikati ya shamba. Baba mdogo akamtuma mtoto, mtoto akarudi mikono mitupu. Akapanda mwenyewe hadi nyumbani, nami nyuma yake nikiogopa. Yeyo alikuwa ameketi mlangoni anachambua mboga.

"Shemeji, mbegu iliyobaki iko wapi?"

"Ipo juu ya moto."

"Naitaka."

"Haijakauka vizuri."

"Shemeji! Imekaa moshini tangu mwaka juzi! Na nusu ya hiyo ni yangu!"

"Ni yako," Yeyo akasema, na akajisogeza pembeni kumpisha mlangoni. "Ingia. Panda kwenye kigoda, nyoosha mkono, tungua mwenyewe. Mimi mgongo unaniuma leo."

Wanawake wawili wa jirani waliokuwa wakipita na kuni wakasimama. Wakasimama vizuri kabisa, wakatua hata kuni. Baba mdogo akautazama mlango, akawatazama wale wanawake, akaitazama fimbo yake kama anayeuliza shauri. Akageuka akashuka mlima kwa hasira ambayo niliisikia kwenye visigino vyake.

Sasa nataka mjue jinsi mama yangu alivyokaa siku zilizofuata, kwa maana baadaye watu walisimulia kama vile alijua. Hakujua. Manyunyu yaliendelea. Mahindi ya nusu ile yakachipua, kijani, mistari imenyooka, shamba limependeza. Baba mdogo akawa anawaleta wageni kulitazama. Kisimani wanawake wakamtania Yeyo: "Mama Mesiaki, mbegu zako bado zinakaushwa? Angalia zisije zikaiva!" Alicheka nao. Nyumbani alikaa akiutazama ule uchaga, na nikamsikia akinong'ona kwamba ameua watoto wa watu kwa ubishi wake. Na mimi niliyempelekea lile neno la vumbi nilitamani ningekuwa bubu.

Halafu kofia ikatoka. Asubuhi moja mlima ulikuwa wazi mpaka kwenye miamba, na jua likatoka kama deni. Kule juu haikuwa shida, udongo wao ulikuwa umeshiba. Huku chini mizizi ya mahindi yetu ilishuka kutafuta maji ikakuta vumbi. Majani yakajikunja, yakawa ya njano, yakalala. Bwana Sasahivi akawachukua maksai wake wakae tayari. Baba mdogo akaacha kuleta wageni, kisha yeye mwenyewe akaacha kuja.

Hicho ndicho kipindi kibaya kuliko vyote ninavyovikumbuka katika kazi yangu, na wala sikuwa nalima. Mbegu iliyobaki ilikuwa pale juu, nyeusi, nzuri, na chini yake wadogo zangu wanakula mboga za porini na ndizi zisizokomaa. Jirani alimwambia mama waziwazi: "Mama Mesiaki, wapikie hawa watoto. Mvua gani unaingoja?" Mdogo wangu wa mwisho alilala chali akiyahesabu mahindi kwa kidole, kisha anaanza upya. Yeyo akawasha moto kama kawaida, akaongeza majani mabichi moshi uwe mwingi, akaweka sufuria ya mboga. Hakutungua hata moja. Nilimwuliza atafanyaje masika yasipokuja kabisa.

"Basi tutakula," akasema. "Lakini si leo."

Kila siku ilikuwa "si leo."

Nilirudi shambani kwa Bwana. Mchungaji mmoja wa kike, mama wa Kimaasai aliyezoea kupitisha mbuzi karibu na migunga, alinikuta nimeukodolea macho mlima kama kawaida yetu watu wa juu. Akanishika bega akanigeuza kabisa, nikautazama upande wa pili, kule mbugani.

"Unamtazama mama wa wengine," akaniambia. "Wa kwako atatokea huku."

Na alitokea huko. Mchana mmoja, mlima uko wazi kabisa hauna hata kilemba, wingu jeusi likasimama mbugani, likaanza kutembea kuja kwetu likinguruma. Mbuzi walikuwa wameshakimbia. Tukasikia harufu ya udongo kabla ya maji. Kisha ikashuka, si manyunyu, mvua yenyewe, mvua ya kuziba masikio, mpaka Kaisari mwenyewe akakimbilia zizini bila Sululu kufokewa. Nikamwona Mzee Hamisi amefungua mikono miwili kwenye mvua anasema "Alhamdulillahi," na machozi yanamtoka, na yeye hata shamba hakuwa nalo.

Siku iliyofuata Bwana Sasahivi alitoka na viatu virefu. "Lima! Sasa hivi!" Tukafunga nira. Plau ikaenda hatua chache ikajaa tope, ikawa mpira, ng'ombe wakazama. Ule udongo mweusi ulikuwa umeingia kwenye ugundi wake. Bwana akautukana kwa Kijerumani, akaona haumwelewi, akarudi barazani kunywa kahawa. Akatuambia twende zetu mpaka pakauke. Sijapata kulipenda tope kama siku ile.

Nikakimbilia shamba letu. Na hapa, vijana, ndipo mtaelewa kwa nini mpaka leo sikubali mtu amseme vibaya baba mdogo Lobulu. Mifuo tuliyoilima wakati wa kofia ya mlima ilikuwa imengoja vile vile, wazi, na kila mmoja ulikuwa umekamata maji. Shamba la Bwana, lililokuwa halijalimwa, lilifanya gundi juu tu, na maji mengi yakapita yakaenda zake mtoni. Letu liliyanywa. Nikachuchumaa, nikatia mkono, ukazama mpaka kwenye kiwiko, na udongo wa chini kabisa nilipoufinya ukashikana. Nikashusha pumzi ambayo naona nilikuwa nimeizuia tangu siku ile ya vumbi.

Baba mdogo alikuwepo tayari, peke yake, na jembe la mkono, anafukia mahindi yaliyokufa. Hakuniangalia.

"Mesiaki, ungekuwa na mbegu," akasema, "ungeipanda leo?"

"Ningeipanda sasa hivi, baba."

Hakuna aliyehitaji kumwita Yeyo. Tulimwona anashuka kutoka mlimani, mzigo kichwani, na safari hii mzigo ulikuwa mkubwa, na watoto wote nyuma yake. Mahindi bado yananuka moshi. Hakusema "nilikuambia," na baba mdogo hakusema "samahani." Alimpokea mzigo kichwani, jambo ambalo sijawahi kuona mwanamume wa rika lake akilifanya, akauweka chini taratibu kama kitu chenye roho. Tukapanda. Tunadondosha, tunafukia kwa unyayo, hatukuhitaji plau wala ng'ombe wa mtu. Tulimaliza shamba lote, na yale yaliyokufa tukapanda juu yake, tukarudi nyumbani tunacheka ovyo kama walevi, na hapakuwa na pombe.

Yalizaa. Si kwa wingi wa kusimuliwa, lakini wadogo zangu walinenepa mashavu, na hakuna tuliyemzika mwaka ule. Nikilala bado huwa namshukuru Mungu kwa hilo.

Basi, Naserian na wenzako, mkisikia redio imesema mvua, furahini, limeni, fungueni ardhi mapema ingoje. Kulima mapema hakujamwua mtu. Lakini mbegu ni habari nyingine. Tieni mkono udongoni mpaka kiwiko. Ukitoka mkavu, mbegu irudi nyumbani, hata kama mlima umevaa kofia, kanzu na koti. Trekta yenu ina nguvu za maksai wengi, lakini imewapa ubaya mmoja, inakimbia mno na mwenye kuiendesha anatazama mbele.

Baada ya mavuno ya mwaka ule baba mdogo alichagua mahindi makubwa kuliko yote, akayafunga mwenyewe kwa maganda yake, akapanda nayo hadi mlangoni kwa Yeyo. Wale majirani wawili wa kuni walikuwepo. Nadhani siku hizo walikuwa hawakosi. Akasimama nje ya kizingiti, akanyoosha mikono.

"Shemeji, yatundike juu ya moto wako. Yote."

Yeyo akayapokea.

"Na nikija kuyadai," akaendelea, "niambie kwanza nikuonyeshe kiwiko."

Na tangu mwaka ule mpaka alipozeeka, kila masika yalipokaribia, baba mdogo Lobulu alipita kwanza nyumbani kwa mama, akasimama nje ya kizingiti kile kile, akaukunjua mkono wake. Yeyo aliutazama. Ukiwa na vumbi, alimpa uji. Ukiwa na tope hadi kwenye kiwiko, aliinuka akachukua kigoda.